Mashine ya mise inavunja viini: majaribio 30 na chumba kimoja ambacho hujaingia

"Shikamoo mtaalamu. Mi ni fundi wa kuchomelea hapa Kigoma, karakana yangu iko njia ya kwenda Mwandiga. Nimetengeneza mashine ya kubangua mise (zile mbegu ngumu za michikichi), ile ya kurusha, rota yake kipenyo sentimita 40, inaendeshwa na mota ya mizunguko 1440 kwa dakika kupitia mkanda. Shida ni viini kuvunjika. Nimefanya majaribio zaidi ya 30 mwezi mzima, nabadilisha kitu kimoja kimoja kama tulivyofundishwa shule. Nilianza na spidi, kwenye 1440 nikapata viini vizima 52 kwa mia, kwenye 1800 nikapata 65, basi nikaacha hapo kwenye 1800. Alafu nikajaribu kuanika mise siku 9 badala ya 3, ikatoka 66, yaani kuanika hakusaidii kitu. Mlango wa hopa, pale mise zinapoingilia, nao nimeuchezea, wapi. Kuna jamaa amesoma chuo ananiambia nifanye Box-Behnken, eti ni njia ya kupanga majaribio, na ninunue programu ya kompyuta, mwingine kanitumia utafiti wa Naijeria unataja spidi yake. Mteja wangu wa Simbo anataka hela yake irudi. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole na hiyo ya Simbo, mteja akishaanza kuongelea hela usingizi haupatikani. Ila nikwambie mapema, kwa maelezo yako sidhani kama rota yako ni mbovu, na uvivu huna, maana majaribio 30 kwa mtu mwenye karakana na oda za mageti na madirisha ni kazi kubwa. Shida iko kwenye jinsi ulivyoyapanga. Unasema umejaribu kila kitu, hebu fungua daftari lako uangalie tena: umejaribu 1440 na mise za siku 3, umejaribu 1800 na mise za siku 3, umejaribu 1800 na mise za siku 9. Basi. Ile ya 1440 na mise za siku 9 haipo. Nyumba ina vyumba vinne, umeingia vitatu, na neno lako la "kuanika hakusaidii kitu" umelitoa huku mlango wa nne umefungwa.

Tuingie kwanza ndani ya mashine yenyewe kabla ya hesabu, maana hesabu bila kujua kinachotokea mle ndani ni kubahatisha tu. Chukua mise moja iliyokauka vizuri, isogeze sikioni uitikise. Inalia, ko ko ko, kama kibuyu chenye punje moja ndani. Ule mlio unakuambia kiini kimepoteza maji, kimesinyaa, kimeachana na gamba. Sasa chukua ya siku 3, itikise. Kimya. Kiini bado kimeng'ang'ania gamba, na gamba lenyewe halijawa kavu la kupasuka kwa mlio, linapokea kipigo kama ubao mbichi. Hiyo ya pili inataka kipigo kizito ndo ipasuke, na hata ikipasuka kiini kinatoka na vipande vya gamba vimeganda au kinapasuka nalo. Ile ya kwanza inatosha kuigonga kidogo tu gamba likaachia. Ukiigonga kwa nguvu ile ile uliyotumia kwa mbichi, gamba linaisha nguvu mapema na kile kilichobaki cha kipigo kinakwenda wapi? Kinakwenda kwenye kiini.

Kwahiyo mtu akikuuliza "spidi nzuri ni ngapi" jibu halipo mpaka akuambie mise zake zimekauka kiasi gani. Ni kama wali, maji mangapi yanatosha inategemea moto, anayekuambia vikombe viwili bila kuuliza unapikia mkaa au gesi hajawahi kuunguza sufuria. Kwenye takwimu hiki kitu tunakiita mwingiliano, yaani athari ya kitu kimoja inabadilika kutegemea kingine kimekaa wapi. Kubadilisha kitu kimoja kimoja, ile ya shule, sio uongo, inafanya kazi vizuri pale ambapo vitu haviingiliani. Mashine za kilimo bahati mbaya karibu zote vitu vyake vinaingiliana, iwe ya kupukuchua mahindi, ya karanga kule Tabora, au hii yako.

Ngoja nikuonyeshe kwa namba. Tatu ni zako, zilizobaki nimezikisia mwenyewe ili uone hesabu inavyokwenda, usije ukazichukua ukamwambia mteja ndo matokeo. Tuna vitu vitatu, spidi (1440 au 1800), kuanika (siku 3 au 9) na mlango wa hopa (nusu au wazi kabisa). Kila kimoja kina hali mbili, kwahiyo mbili mara mbili mara mbili, majaribio 8 yanamaliza kila mchanganyiko. Mlango ukiwa nusu: 1440 siku 3 inatoa 52, 1800 siku 3 inatoa 65, 1440 siku 9 tuseme 78, na 1800 siku 9 ni 66. Mlango ukiwa wazi: 47, 60, 77 na 63 kwa mpangilio ule ule.

Sasa jumlisha zote nne za 1800, ni 65 na 66 na 60 na 63, unapata 254, gawa kwa 4 ni 63.5. Jumlisha za 1440, ni 52 na 78 na 47 na 77, nazo 254, wastani 63.5. Umeona? Ukiangalia wastani utaapa spidi haina maana yoyote kwenye hii mashine. Lakini ukizitenganisha, kwenye mise mbichi kupandisha spidi kunaongeza 13, na kwenye mise kavu kupandisha spidi kunapunguza 12 mlango ukiwa nusu, na 14 ukiwa wazi. Zinafutana. Wewe ulipandisha spidi ukiwa na mise mbichi ukaona faida, ukafunga boliti ukasema hapa ndo penyewe, alafu ukakausha mise ukiwa tayari uko kwenye spidi ambayo mise kavu haiitaki. Lazima ungepata 66. Kuanika kwa wastani kunaongeza 15 kwenye mfano huu (71 dhidi ya 56), ndo kitu kikubwa kuliko vyote, na wewe ndo ulichokitupa.

Na kuna jambo lingine kwenye hiyo 65 na 66 yako. Umeipima mara ngapi? Ukirudia jaribio lile lile bila kugusa kitu, leo asubuhi na leo mchana, utapata namba mbili tofauti, hiyo ni kawaida ya mashine zote. Kabla ya kusema kitu kimesaidia au hakijasaidia lazima ujue mashine yako inayumba kiasi gani yenyewe kwa yenyewe. Ndo maana mi huwa naongeza majaribio manne ya katikati kwenye yale manane: spidi 1620, siku 6, mlango robo tatu, manne yote sawasawa. Tuseme yametoka 70, 73, 69 na 72. Hapo umejua kuyumba kwako ni kama 2 hivi kwenda juu au chini, kwahiyo tofauti ya 65 na 66 ni kelele tu, wakati ile 13 ni habari. Mlango wa hopa ukipiga wastani unapunguza 3.5 ukiwa wazi, hiyo kwa kuyumba huko siwezi kuapa nayo, ipo ipo tu. Alafu kuna zawadi nyingine imejificha humo: wastani wa zile nane za pembeni ni 63.5 ila wastani wa katikati ni 71. Kama mambo yangekuwa yanapanda kwa mstari ulionyooka, katikati ingetoka karibu na 63 au 64. Kuzidi kwa 7.5 maana yake uwanja una tumbo, kuna kilima humo kati, na kutafuta kilele chake ndo hatua ya pili.

Majaribio 12. Wewe umefanya zaidi ya 30.

Haya mambo usidhani ni ya maabara za watu wenye makoti meupe. Yalizaliwa shambani. Mwaka 1919 Ronald Fisher aliajiriwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kule Uingereza, akakuta madaftari ya miaka mingi ya mbolea na mavuno ambayo huwezi kuyatoa jibu la uhakika kwa sababu hayakupangwa vizuri toka mwanzo, na kwenye kuhangaika na vishamba hivyo ndo zikatoka kanuni za kupiga kura lipi lianze lipi lifuate, kurudia, na kugawa makundi. Ile ya kutafuta kilele cha kilima ilikuja baadaye, 1951, George Box na K. B. Wilson waliokuwa kwenye viwanda vya kemikali.

Sasa utafanyaje pale karakana. Usichukue mise huku kidogo na kule kidogo. Chukua gunia moja na nusu kutoka kwa mtu mmoja, mwaga kwenye turubai, changanya kwa koleo kama unachanganya zege, ukimaliza changanya tena. Gawa mafungu matatu. La kwanza lianze kuanikwa leo, la pili baada ya siku 3, la tatu baada ya siku 6, yakisubiri yakae ndani kwenye kiroba kilichofungwa, ili siku ya tisa yote matatu yawe tayari kwa siku moja, yako mkononi. Kila jaribio litumie kilo 5, kwahiyo kila fungu unahitaji kilo 20 na akiba kidogo.

Ila siku sio kipimo. Siku 9 za Agosti Kigoma na siku 9 za Novemba mvua imeshaanza ni vitu viwili tofauti kabisa, kwahiyo pima ukavu wenyewe. Njia ya uhakika ni kusaga gramu 100, kuiweka kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka, ikibaki gramu 88 basi unyevu ulikuwa 12 kwa mia. Huna oveni? Okota mise 50 bila kuchagua, tikisa moja moja sikioni, hesabu zinazolia. Andika 41 kati ya 50. Sio kisayansi sana lakini ni namba, na mteja wako kule kijijini anaweza kuipima bila kununua chochote.

Spidi nayo usiiamini puli. Mota yako ni 1440, ukiweka puli ya inchi 4 kwa inchi 4 unapata 1440, ya inchi 4 na nusu kwenye mota unapata 1620, ya inchi 5 unapata 1800, hiyo ni kwenye karatasi. Mkanda ukiteleza, au umeme ukishuka nguvu jioni watu wakiwasha majiko, rota iko kwenye spidi nyingine na wewe unaandika 1800. Tafuta takomita (kipima mizunguko) ndogo ile ya mwanga, unabandika kiutepe kinachong'aa kwenye shafti, unasoma mashine ikiwa na mzigo sio ikiwa tupu.

Alafu kura. Andika majaribio yote 12 kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa moja moja, na unavyochomoa ndo utakavyofanya hata kama ni kero. Najua utakachoniambia, kwamba utafungua puli mara nane badala ya mara mbili, boliti zitakuchosha. Ni kweli. Lakini ukifanya 1440 zote asubuhi na 1800 zote mchana, asubuhi kuna unyevu wa ziwa, mchana jua limewaka, mkanda umepata moto, beringi imelainika, na ukipata tofauti hutajua ni spidi au ni jua. Mimi mwenyewe yamenikuta, miaka ya nyuma na mashine ya kupukuchua, tuliona "uboreshaji" mzuri sana siku nzima, kumbe mahindi ya kwenye turubai yalikuwa yanakauka tunavyoendelea. Tuliandika ripoti na kila kitu. Aibu.

Kama siku moja haitoshi gawa siku mbili lakini kila siku iwe na hali zote. Siku ya kwanza fanya hizi nne: 1800 mbichi mlango nusu, 1440 kavu mlango nusu, 1440 mbichi mlango wazi, 1800 kavu mlango wazi, pamoja na mbili za katikati. Siku ya pili nne zilizobaki na mbili za katikati. Kura unapiga ndani ya kila siku. Ukigawa hivi hata kama siku ya pili imeamka na mawingu haitaharibu hesabu yako ya spidi wala ya ukavu. Mise za siku ya pili zifunge kwenye mifuko ya plastiki usiku zisinyonye unyevu.

Kwenye kupima matokeo usihesabu kwa macho. Kilichotoka changanya, gawa nne, chukua fungu moja, ligawe tena mpaka ubaki na kama nusu kilo inayowakilisha zote. Tenganisha viini vizima, viini vilivyovunjika, na mise ambazo hazikupasuka kabisa. Hizo ambazo hazijapasuka zivunje kwa nyundo utoe viini vyake, ndo upime uzito wa makundi matatu ya viini tupu. Wengi wanapima mise nzima na gamba lake wanalinganisha na viini vilivyomenywa, hapo umelinganisha ndizi na ganda. Andika vyote vitatu, na andika pia dakika ngapi kilo 5 zimetumia.

Hapa nina swali kwako ambalo pengine ni kubwa kuliko spidi. Mteja wa Simbo analalamika nini hasa? Maana "viini vinavunjika" ina maana mbili. Kama anauza viini kwa gunia, au anaviweka wiki kadhaa akisubiri bei, kilichovunjika ni hasara, kinaota ukungu, mafuta yake yanachacha, na vile vipande vidogo vinapotea na magamba kwenye kupeta au kwenye tope la udongo la kuelesha viini. Lakini kama anakamua mafuta ya mise siku ile ile apeleke kwa watu wa sabuni, kiini kikipasuka vipande viwili kinamuuma nini? Kinachomuuma huyo ni mise zinazotoka hazijapasuka, na kasi. Kwa mtu kama huyo kupandisha viini vizima toka 65 kwenda 75 huku ukiacha mise nyingi hazijapasuka umemwongezea tatizo, na ule mlango wa hopa ukiwa wazi, hata kama unapoteza 3 kwa mia, unaweza kumlipa zaidi kwa kilo za saa nzima. Muulize kwanza. Kilima unachokipanda kiwe kile anachokilipia.

Turudi kwa jamaa yako wa chuo. Box-Behnken sio mbaya, Box yule yule na Donald Behnken waliitoa 1960, kwa vitu vitatu inataka majaribio 15 hivi na mwingiliano utauona. Ila ina tabia moja, haikanyagi pembe. Haifanyi kabisa jaribio lenye vitu vyote vitatu kwenye ncha zake, inapita katikati ya kingo tu. Ni nzuri sana pale ambapo pembe ni hatari au ghali, na ukishajua uko karibu na kilele. Wewe hujui uko wapi, na pembe ndo hasa unayohitaji kwenda kuiona. Anza na nane na nne za katikati. Ukishaona tumbo, unaongezea majaribio ya kutoka nje ya boksi, moja kila upande, juu ya yale uliyokwisha fanya, hutupi hata moja. Na kama mlango wa hopa utaonekana hauna uzito, uache wazi moja kwa moja na hatua ya pili ifanye kwa vitu viwili tu, spidi na ukavu, kazi inapungua sana.

Programu ya kulipia huhitaji. Hatua ya kwanza ni kalkuleta ya simu, umeona mwenyewe ni kujumlisha na kugawa kwa nne. Hatua ya pili, ya kuchora kilima, Excel inatosha, au R ambayo ni ya bure. Hapo kama hesabu zinakushinda ndo umtumie huyo jamaa yako, mpe daftari lililopangwa vizuri naye afurahi. Kumpelekea daftari la sasa ni kumwonea, hakuna programu inayoweza kutoa kwenye chumba cha nne kitu ambacho hakikupimwa.

Na ule utafiti wa Naijeria, wenzetu wale wamefanya kazi nyingi kwenye michikichi na usome tu, ila usinakili mizunguko. Kinachogonga mise ni mwendo wa ncha ya rota. Rota yako ya sentimita 40 kwenye 1440 ncha inakwenda karibu mita 30 kwa sekunde, kwenye 1800 karibu 38. Mtu mwenye rota ya sentimita 30 akikuambia 1800 ndo sahihi, ncha yake inakwenda mita 28 tu, yaani "1800" yake ni pole kuliko 1440 yako! Tena nguvu ya kipigo inafuata mraba wa mwendo, wewe kutoka 1440 kwenda 1800 umeongeza spidi 25 kwa mia lakini kipigo kimeongezeka 56 kwa mia. Watu wengi hawalijui hili wanaona wameongeza kidogo tu.

Alafu mbegu. Michikichi ya zamani huku kwetu mingi ni Dura, gamba lake milimita 2 mpaka 8. Hii mipya, Tenera, ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wanaizalisha na serikali inaisukuma toka 2018, ni chotara wa Dura na Pisifera na gamba lake ni jembamba, nusu milimita mpaka 4. Ukizichanganya kwenye hopa moja hakuna spidi itakayozifaa zote. Kwenye majaribio tumia aina moja, ukishaelewa rudia na nyingine. Na kabla hata ya hayo tengeneza chekeche lenye matundu ya saizi mbili, utenge kubwa na ndogo, maana mise nzito inajigonga kwa nguvu kuliko nyepesi hata rota ikiwa spidi moja. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi kama wewe na inaweza kukupa faida kuliko puli zote.

Kuna mahali maandishi yangu yanaishia na unahitaji mtu asimame mbele ya mashine. Kama inatetemeka ukigusa fremu, kama beringi zinapata moto mkono hauvumilii, au kama unataka kuzidi 1800, acha majaribio kwanza. Rota iliyochomelewa kwa mkono bila kulinganishwa uzito ikikatika kipande kwenye mita 38 kwa sekunde haichagui fundi wala mteja. Nenda SIDO pale Kigoma, mashine za michikichi wanazifahamu, au ongea na walimu wa ufundi VETA wakusaidie kulinganisha rota, na kifuniko cha mkanda na miwani ya macho viwepo kabla ya jaribio la kwanza sio baada. Ukitaka kuhakikisha aina ya mise zako TARI Kihinga watakuambia.

Sasa Simbo. Angalia tena namba zako: kwenye 1800 mise mbichi inatoa 65, mise kavu inatoa 66. Wewe uliona hapo kuanika hakusaidii, mimi naona kitu kingine, naona mashine ambayo haijali mteja ameanika au hajaanika. Hiyo ina thamani yake, ni spidi ya mtu mwenye haraka, wa kipindi cha mvua. Kama ile 78 yangu ya kukisia itakuwa na ukweli hata nusu, basi 1440 ni spidi ya mtu mwenye subira na turubai, ila akiiwekea mise mbichi itamwangusha mpaka 52. Mashine ni moja, puli mbili.

Kwahiyo usirudishe hela wiki hii. Mpigie mwambie atenge debe mbili za mise zile zile anazotumia, moja aianike mpaka akitikisa 50 zilie zaidi ya 40, nyingine aiache ilivyo. Nenda na puli ya inchi 4, mkanda wa urefu wake, spana na mizani. Pitisha debe kavu nusu kwenye 1800 nusu kwenye 1440, na ile mbichi hivyo hivyo, mbele yake, yeye mwenyewe atenganishe viini apime. Vyumba vinne vyote, mchana mmoja. Kama chumba cha nne hakina kitu, hapo mrudishie hela yake.